Wakili wa Hataza Nyuma ya Mashine ya Fotokopi

Mwanafunzi anayekimbilia steshenari usiku wa kuamkia mtihani ili atoe kopi za notsi anafaidi kazi ya wakili mmoja wa Marekani. Chester Carlson, aliyezaliwa Seattle mwaka 1906, alisomea fizikia, lakini aliyoyaona kazini katika idara za hataza ndiyo yaliyomfanya mvumbuzi.

Aliingia maabara za Bell, New York, mwaka 1930, akahamia idara ya hataza. Mdororo wa uchumi ukamkosesha kazi mwaka 1933. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya P. R. Mallory, akapanda hadi kuongoza idara yake ya hataza, huku usiku akisomea sheria. Kila ombi la hataza lilihitaji nakala kadhaa za maelezo na michoro, na nakala hazikutosha kamwe. Kupiga chapa upya kulizaa makosa. Kupiga picha kulikula fedha. Vitabu vya sheria asivyomudu kuvinunua alivinakili kwa mkono maktabani, macho yake dhaifu na baridi yabisi ikimtesa.

Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walisugua kwa leso bamba la zinki lililopakwa salfa, likashika umeme. Wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mtaa kwa wino, wakakimulika kwa taa kali. Palipopigwa na mwanga umeme ukatoweka. Chini ya maandishi ukabaki. Walinyunyiza unga laini, wakapuliza, na herufi zikabaki zimeganda. Wakazihamishia kwenye karatasi yenye nta.

Hapo ndipo uzoefu wa idara ya hataza ulipomfaa. Madai ndiyo mipaka ya hataza: ukiyaandika finyu, mshindani anabadili kitu kimoja na kukupita. Carlson hakujifunga kwenye salfa. Alidai njia yenyewe ya kutengeneza picha kwa umeme na mwanga. Aliwasilisha ombi Aprili 1939, akapewa hataza Oktoba 1942. Kampuni zaidi ya 20 zilimkataa. Mwaka 1944 taasisi ya Battelle ya Ohio ilikubali kuuendeleza uvumbuzi huo, na watafiti wake wakaweka seleniamu badala ya salfa. Kisha ikaja kampuni ya Haloid, ambayo leo ni Xerox.

Mashine yao maarufu, Xerox 914, ilitangazwa Septemba 1959. Wakati huo hataza za Marekani zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo ile ya 1942 ilikuwa imebakiza wiki chache tu. Hata hivyo ilikuwa imeshafanya kazi yake: ilimpa mtu asiye na mtaji kitu cha kuwekea mkataba, na hataza mpya za maboresho zikaendeleza ulinzi.

Mafundi na watafiti wetu wanastahili mawakili wa namna hiyo. Katika nchi nyingi, kuonyesha kifaa hadharani kabla ya kuwasilisha ombi kunaweza kukipotezea sifa ya upya, na bila upya hataza haitolewi. Vyuo vyetu vinavyofundisha uhandisi na sheria vikutanishe fani hizo mbili mapema, na mbunifu apelekwe kwa wakili kabla hajapelekwa kwenye maonyesho.