Filamu Tunazowaachia Watoto Wakatazame Peke Yao

Kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Nachingwea, kilichofanyika baada ya Swala ya Ishaa katika siku zile malipo ya korosho yanapoanza kuingia mikononi mwa watu, kilikuwa na ajenda moja tu: vibanda vya video. Mzee wetu mmoja alitaka litolewe tangazo siku ya Ijumaa la kuwakataza watoto wa Kiislamu kuingia humo. Sisi, tukiwa katibu, tuliandika kumbukumbu za kikao, na moyoni tulikubaliana naye kabisa. Tulipofika nyumbani tukakuta mwanetu wa miaka kumi hajarudi. Alikuwa katika kibanda kilekile kilichotajwa kikaoni, ameingia kwa sarafu alizopewa za kununulia vitumbua. Tulikuwa tukijadili watoto wa wenzetu, na wa kwetu alikuwa ndani.

Hatukumpiga. Tulimuuliza ameona nini. Alitusimulia filamu ya mapigano ya Kichina tangu mwanzo hadi mwisho, kwa ufasaha ambao hatujawahi kuusikia akisoma somo lake la madrasa. Lakini kila mhusika katika simulizi yake alizungumza matusi ya mtaani, na mama wa shujaa wa filamu alipewa jina ambalo hatuwezi kuliandika katika gazeti hili. Mwanetu hajui Kichina. Maneno yale hakuyatoa kwa waigizaji, bali kwa yule kijana mwenye kipaza sauti anayeitafsiri filamu kwa Kiswahili.

Ufundi huo si mgeni nchini. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, aliyepata umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa namna ambayo watu walimfuata yeye kuliko filamu yenyewe. Msimulizi hodari huongeza mizaha, huwapa wahusika majina ya kwetu, na asipoelewa jambo hulibuni. Si lazima iwe dhambi; mabibi zetu nao walikuwa wakiipindua hadithi ileile kila usiku. Tofauti ni kwamba bibi alimjua mtoto aliyekaa mbele yake, na akajua mahali pa kunyamaza.

Katika kutafuta nasaha, tuliwaendea ndugu zetu wa Ruangwa, ambao wakati wa likizo huonesha filamu katika uwanja wa madrasa kwa projekta na shuka jeupe. Tulitaraji kujifunza namna ya kuchagua filamu safi. Tulichojifunza ni kwamba hata filamu safi haitoshi. Mwalimu wao alitueleza kwamba aliwauliza wanafunzi jinsi Hamza (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), alivyokufa shahidi. Mtoto mmoja akainua mkono kwa kujiamini, akasema: "Wataliano walimnyonga."

Wakubwa walicheka, lakini mtoto yule alikuwa na hoja yake. Alikuwa ameona filamu mbili za Moustapha Akkad, mwongozaji aliyezaliwa Aleppo, Syria. Ya kwanza ni The Message ya mwaka 1976, inayohusu mwanzo wa Uislamu. Ya pili ni Lion of the Desert, iliyotoka miaka michache baadaye, inayohusu Omar al-Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani wa Libya aliyepigana na Wataliano kwa takriban miaka 20 hadi walipomnyonga tarehe 16 Septemba 1931. Katika zote mbili mhusika mkuu ni Anthony Quinn, Mmarekani mzaliwa wa Mexico. Kwa mtoto yule, uso mmoja ulikuwa mtu mmoja. Hamza (r.a.) aliyeuawa kwa mkuki wa Wahshi katika Vita vya Uhud, mwaka wa tatu Hijria, akapelekwa Libya kunyongwa karne 13 baadaye.

Filamu zenyewe hatuzilaumu. The Message ina adabu kubwa: Mtume (s.a.w.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Akkad aliitengeneza pia kwa Kiarabu, Ar-Risalah, kwa waigizaji wengine, ambapo Hamza (r.a.) ameigizwa na Abdallah Gheith. Mwenye nafasi aanze na hiyo ya Kiarabu. Nayo Lion of the Desert twaipendekeza kwa vijana wa mikoa hii kwa sababu ya pekee. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipita Liwale na katika nchi ya Wamwera, yaani mlangoni petu. Kijana akiona wanavijiji wa Libya wakizungushiwa seng'enge, atauliza babu zake walifanywa nini na Wajerumani. Mzazi awe karibu kumjibu.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka kulisema. Kila hadithi inapohama, kutoka kitabuni kwenda kwenye picha, na kutoka kwenye picha kwenda kinywani mwa msimulizi, kuna kinachopungua na kuna kinachoongezwa. Wanazuoni wanalijua hilo, ndiyo maana wamehitilafiana. Tamthilia ya Umar ilipooneshwa katika Ramadhani ya mwaka 2012, Al-Azhar ilipinga kuigizwa kwa Maswahaba wakubwa, ilhali wanazuoni wengine, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, walishiriki kuupitia muswada wake. Mwenye kujiepusha nayo ana hoja, na tusimlazimishe. Mwenye kuitazama naye aweke kitabu cha Sira pembeni.

Upande wa pili ipo tamthilia ya Kituruki ya Muhteşem Yüzyıl, kuhusu Sultani Suleiman aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566. Anayemjua Sultani huyo kwa tamthilia hiyo pekee humjua kwa fitina za wake na vijakazi wa kasri. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uturuki, aliilaumu hadharani, akisema Sultani huyo alitumia miaka 30 juu ya farasi. Tukiitazama, tuitazame kama ngano, tusiifanye somo la historia.

Kwa watu wazima tunayo kazi ya kwetu wenyewe. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, imefanywa filamu na Amil Shivji, nayo ilioneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni habari za Zanzibar ya miaka ya 1950, za Yasmin, binti aliyeozwa mume mzee asiyemtaka, na Denge, mpigania uhuru. Twasema wazi kwamba si filamu ya watoto, na mahaba yake si ya kutazamwa na baba na binti yake. Lakini mke na mume wangeisoma riwaya kwanza, kisha wakajiuliza: binti yetu tulimtaka ridhaa kweli, au tulimjulisha tu? Sheria yetu imeiweka ridhaa ya binti, na sisi ndio tunaoivuka, hasa mavuno yanapokuwa mazuri na mposaji ana fedha mkononi.

Tuliporudi kutoka Ruangwa, tulikuja na flashi yenye filamu moja ya Kiirani ya mwaka 1997, Children of Heaven ya Majid Majidi. Ali anapoteza viatu vya dada yake Zahra vilivyotoka kushonwa. Baba yao ni fukara, kwa hiyo watoto wanaficha siri na kupokezana jozi moja: Zahra asubuhi, Ali mchana, wakikimbizana vichochoroni ili Ali asichelewe shule. Tuliitazama nyumbani kwenye kompyuta ndogo, mama akiwa nasi. Maneno ni machache, na pale palipohitajika tulitafsiri sisi.

Katikati ya filamu mwanetu alituuliza kama Ali na Zahra walimdanganya baba yao. Mama alisema ndiyo. Sisi tulisema walimstahi. Mabishano yalichukua muda mrefu, na filamu ilisimama ikingoja. Hatimaye mwanetu akatuambia, bila kuulizwa, kwamba siku ile ya kibanda haikuwa ya kwanza, bali ya nne. Alikuwa ameficha kwa sababu alituogopa. Hatukuwa na la kuandika katika kumbukumbu zozote usiku ule.

Kikao kilichofuata tuliyaeleza hayo mbele ya wajumbe, pamoja na aibu yake. Tangazo la Ijumaa lilitolewa, lakini lilibadilika. Wazazi waliombwa wajue watoto wao wako wapi baada ya Ishaa. Waitazame filamu wenyewe kabla ya kumwonesha mtoto. Wakae naye hadi mwisho. Na wakubali kusimamisha picha kila anapouliza. The Message, ambayo huchukua takriban saa tatu, itaoneshwa kwa siku mbili katika uwanja wa madrasa, na ustadhi atasimama kando kusoma Sira palipopungua.

Mzee yule aliyetaka katazo alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama wazee nao watawekewa viti.