Msiba umeingia simuni, mama ataambiwa na nani?

ZAMANI habari za kifo zilikuwa na njia yake ya kupitia. Mtu aliyefanya kazi mjini akipokea telegramu ya kumtaka aende nyumbani upesi kwa kuwa mamake ni mgonjwa sana, hakungoja kuelezwa zaidi. Alikopa nauli, akafunga mkoba, na machozi akayazuia hadi afike. Wengine walizipata redioni. Katika Sauti ya Kenya, iliyorudia jina la KBC mwaka wa 1989, matangazo ya vifo yakianza nyumba nzima ilinyamaza na watoto wakakatazwa hata kugonganisha vikombe, hadi msomaji amalize kutaja marehemu, wajane, watoto na kijiji atakakozikwa.

Lakini kabla ya jina kufika redioni, wazee wa jamaa walikuwa wamekwisha kuketi wakaamua nani aambiwe kwanza, nani asiambiwe akiwa peke yake, na ni shangazi yupi atakayekaa karibu naye. Mgonjwa wa shinikizo la damu hakupashwa habari kama hizo akiwa amesimama jikoni.

Je, siku hizi ni nani anayeketi na kuamua? Ajali ikitokea katika barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, majeruhi hawajafikishwa hospitalini na tayari mtu amepiga picha na kuisambaza, nambari ya matatu ikisomeka waziwazi. Mama aliye Kayole anafungua WhatsApp atazame ujumbe wa chama chake, na anaona shati alilompigia mwanawe pasi asubuhi. Au si picha, ni maneno matatu tu. Binamu mwenye pupa anaandika "pumzika kwa amani" katika kundi la ukoo, na dada wa marehemu anajua papo hapo, akiwa kazini, mteja akimngojea amrudishie chenji.

Uchungu huo ulizipata familia nyingi kwa pamoja mnamo Januari 15, 2016, wanajeshi wetu waliposhambuliwa katika kambi ya El Adde, Somalia. Picha za waliouawa zilizagaa katika simu ilhali wake na wazazi wangali wakingoja kuambiwa rasmi. Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, marehemu Joseph Nkaissery, aliwaonya wananchi dhidi ya kuzisambaza. Sijui ni wangapi waliozituma kwa nia mbaya. Nadhani wengi walitaka tu kuonekana wamejua mapema.

Hata hivyo, simu imeondoa mateso mengi. Kabla ya M-Pesa kuanzishwa mwaka wa 2007, mchango wa kusafirisha maiti ulikusanywa jioni baada ya jioni katika kumbi na nyumba za mitaani, na pesa za mashambani zikatumwa kwa posta au kwa mkono wa makanga. Sasa gari la kubeba maiti laweza kulipiwa kwa siku moja. Kwa Waislamu, ambao huharakisha kumzika maiti wao, ujumbe mmoja unatosha kumfikisha rafiki wa Eastleigh makaburini Kariokor kabla ya janaza. Nao jamaa walio ughaibuni, tangu ugonjwa wa Covid ulipozuia mikusanyiko mwaka wa 2020, wamezoea kutazama mazishi moja kwa moja kwenye YouTube. Mazishi ya saa sita mchana kule Siaya humkuta ndugu aliye Minnesota saa tisa au saa kumi za usiku, akilia peke yake kitandani.

Kuna na aibu ya orodha. Katika harambee, maskini alitia noti yake kapuni na hakuna aliyeihesabu. Leo mweka hazina hubandika majina na kiasi kila mara mchango unapoingia, na shilingi 200 za kijana asiye na kazi zinakaa chini ya 20,000 za mjomba mbele ya watu 180. Wengine huona heri wasitoe kitu. Sioni sababu ya kuanika kiasi kwa watu wote. Kamati na iweke hesabu yake, na kundi lielezwe jumla tu.

Kuhusu habari yenyewe, baadhi ya familia zimeanza kurudisha utaratibu wa wazee kwa njia mpya. Mtu mmoja huteuliwa kuwa msemaji, naye hupiga simu, haandiki, kwa mzazi, mwenzi na watoto. Jirani hutumwa kwanza aingie nyumbani kwa mama. Ni yeye atakayesema mama ameketi, ndipo kundi liruhusiwe kuandika.

Wanachosahau wengi ni nambari ya marehemu mwenyewe, ambayo husalia katika kundi la ukoo pamoja na picha yake akitabasamu. Kwa kawaida WhatsApp hufuta akaunti isiyotumiwa kwa siku 120. Basi miezi minne hivi baada ya mazishi, matanga yameisha na jamaa wametawanyika, simu ya mama yaweza kumwonyesha kwamba mwanawe ameondoka katika kundi. Msemaji wa familia na amweleze mapema, au aiondoe nambari hiyo mwenyewe baada ya kumwomba ruhusa.