NESI WA DIPLOMA: MWISHO WA NJIA AU MWANZO?

 

Muhula uliopita mwalimu alituuliza mmoja mmoja tunataka kufanya kazi gani maishani. Rubani. Wakili. Daktari. Mhandisi. Daktari tena. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nesi, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Kwani umekuwa mwanamke?" Mwingine akadakia, "Diploma? Hiyo ni ya waliofeli!" Nilinyamaza, lakini sikusahau. Makala haya ndiyo jibu langu.

Mama mdogo wangu ni muuguzi. Likizo ya Agosti nilipanda gari kutoka hapa Kakuma hadi Lodwar, nikamwomba anieleze kazi yake tangu A hadi Z. Alicheka, akaniambia, "Keti, mwanangu. Wewe ndiwe wa kwanza kuuliza kabla ya matokeo. Wengine huja matokeo yakishatoka, wakilia."

Kwanza, wauguzi si wa aina moja. Yuko wa cheti, yuko wa diploma na yuko wa digrii. Huyu wa diploma nchini Kenya huitwa KRCHN, yaani muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii. Husoma kwa muda wa miaka mitatu hivi. Chuo kinachojulikana zaidi ni KMTC, kilichoanza Nairobi mwaka 1927, na ambacho sasa kina matawi katika kaunti nyingi, likiwemo tawi la Lodwar. Kumbe mtu anaweza kusomea uuguzi bila kuvuka mpaka wa Turkana!

Masharti je? Katika KCSE unahitaji wastani wa C. Upate C katika Biolojia, C katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika Hesabu, Kemia au Fizikia. Hebu soma tena sentensi hiyo. Kiingereza AU Kiswahili. Wale mnaotuuliza "Kiswahili kitawapeleka wapi?" jibu ni hilo. Kitatupeleka wodini.

Tena si kwa karatasi tu. Mama mdogo alinieleza kwamba katika zamu moja anaweza kumhudumia Mturkana, Msomali, Mkongomani na mtu wa Sudan Kusini. Aghalabu lugha inayowakutanisha na nesi wao ni Kiswahili, hata kama ni cha kuvunjavunja. Mgonjwa asipoelewa kwamba dawa humezwa mara tatu kwa siku, dawa hiyo ina faida gani?

Chuoni mwanafunzi hujifunza mwili wa binadamu, magonjwa, dawa, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Sehemu kubwa ya muda huo hupita hospitalini, akiwa amesimama kwa miguu yake miwili, usiku na mchana. Akimaliza, hafanyi kazi papo hapo. Lazima apite mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, asajiliwe na kupewa leseni. Kwa hiyo kabla hujalipa karo ya chuo chochote, uliza kama Baraza linakitambua. Chuo kisichotambuliwa kitakula ng'ombe wa baba yako na kukuachia karatasi tu.

Sasa tuje kwenye lile neno, "ya waliofeli." Mwenye diploma anaweza kufanya kazi wodini, katika chumba cha kujifungulia, kliniki ya akina mama na watoto, au kwenye mashirika yanayohudumu kambini. Katika zahanati za mashambani nesi ndiye daktari, ndiye mkunga, ndiye mtoa chanjo. Yeye ndiye huwaeleza wafugaji kwa nini minyoo ya mbwa husababisha ule uvimbe wa tumbo uitwao haidatidi, ambao umewasumbua sana watu wa Turkana. Daktari yuko mbali, nesi yuko hapa.

Akishapata uzoefu wa kazi, anaweza kusomea diploma ya juu katika fani moja: upasuaji, wagonjwa mahututi, figo, macho au afya ya akili. Hospitali ya Kijabe hufundisha hata wauguzi wa kutoa nusukaputi, yaani wanaomlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Anayetaka digrii hupokelewa na vyuo vikuu kwa diploma yake, wala haanzi upya kama mtoto wa kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Aga Khan, kwa mfano, kimewafundisha wauguzi wengi huku wakiendelea na kazi zao.

Mama mdogo mwenyewe alianzia chini zaidi, kwa cheti. Alifanya kazi Lopiding, Lokichoggio, katika hospitali ya Msalaba Mwekundu ambako majeruhi wa vita vya Sudan walitibiwa tangu 1987 hadi 2006. Kazi hiyo ilipokwisha alirudi nyumbani na cheti chake kile kile. Bahati nzuri, mwaka 2005 AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi walikuwa wameanzisha mpango wa kuwafundisha wauguzi wa cheti kwa kompyuta ili wapate diploma. Wauguzi wa cheti nchini walizidi 20,000, na hospitali zisingeweza kuwaachilia wote waende chuoni. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Akitoka zamu ya usiku, alisoma. Leo ndiye msimamizi wa wodi yake.

Hata Marekani, ambako ndugu zetu wengi wa Kakuma walihamia kuanzia mwaka 2000, kuna njia fupi kama hii. Kuna shahada ya miaka miwili ya uuguzi, iliyoanza kujaribiwa mwaka 1952 kwa juhudi za Mildred Montag, kwa kuwa wauguzi walikuwa haba. Aliyesoma miaka miwili na aliyesoma minne hufanya mtihani ule ule wa leseni. Ni kweli, baadhi ya hospitali hupendelea wenye digrii, lakini yule wa miaka miwili hujiendeleza akiwa kazini na anapokea mshahara.

Sitawadanganya, wenzangu. Kazi haikungoji mlangoni. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na wapo wauguzi wenye leseni wanaokaa nyumbani wakisubiri tangazo la nafasi. Karo nayo ni mzigo, ingawa mwanafunzi wa KMTC anaweza kuomba mkopo wa HELB na basari. Ninyi wenzetu wa kambini, anzeni mapema kuulizia stakabadhi na ufadhili, msingoje dakika ya mwisho.

Na aliyeniuliza kama nimekuwa mwanamke, aende wodini ahesabu wanaume waliovaa sare.

Kabla sijaondoka Lodwar, mama mdogo aliomba kuona ripoti yangu. Wastani, C. Kiswahili, B. Kemia, C-. Biolojia, C-. Alikiwekea kidole kile kialama cha kutoa, akanitazama. "Mwanangu, hawa waliokucheka si kitu. Kinachokuzuia ni hiki."

Basi wapendwa wasomaji, naishia hapo. Mkinitafuta jioni baada ya michezo, niko maabara na kitabu cha Biolojia. Anayetaka kujiunga nami anakaribishwa, hata wale waliocheka.

Kwaherini.