Kabla ya Kutuma Pesa ya Kushika Gari: Kuchagua Fobaifo ya Kazi na ya Matembezi

Mwenzetu mmoja hapa kazini alikuwa akitafuta gari. Si gari la kuzunguka nalo mjini. Mamake analima viazi Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, na mvua ya Machi ikishika, ile barabara ya kutoka shambani hadi lami hugeuka uji. Mwenye lori akikubali kufika huko hutaja bei anayoitaka yeye, na asipofika, viazi vinachipuka vikiwa kwenye stoo. Mwenzetu alitaka gari la kutoa magunia shambani siku za kazi, na wikendi limpeleke yeye na watoto Aberdare bila kusukumwa.

Jumanne moja, saa ya lunchi, akatuonyesha tangazo mtandaoni. Suzuki Jimny, safi kabisa, bei ya chini kuliko zote tulizokuwa tumeona. Muuzaji alikuwa amemwandikia: "Dadangu, kuna mtu yuko njiani kutoka Nakuru na pesa mkononi. Tuma elfu hamsini ya kushika gari, nikuwekee hadi Jumamosi." Kufikia hapo, mwenzetu alikuwa ameshaingiza namba na kiasi. Alibakisha PIN tu.

Jina lililotokea kwenye skrini halikuwa la muuzaji. Halikuwa pia la duka lililotajwa kwenye tangazo. Alipouliza, akaambiwa hiyo ni simu ya shemeji. Akaomba picha ya logibuku, akatumiwa moja ambayo sehemu ya jina imefunikwa kwa kidole gumba. Hapo sote mezani tukanyamaza.

Hakutuma. Baada ya siku mbili tangazo lilikuwa limetoweka na namba haipatikani. Kwa kazi yetu, huwa tunaongea na wale ambao PIN waliiweka, na mazungumzo hayo si rahisi. Kwa hivyo tukaamua tumsindikize mwenzetu katika safari nzima ya kununua gari, toka kuchagua hadi kulipa, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Anza na barabara yako, picha baadaye

Watu wengi huanza na gari wanalolipenda, kisha wanatafuta sababu. Sisi tulikwenda kwanza kwa fundi mmoja wa Engineer, mji mdogo huko huko Kinangop, ambaye amekuwa akivuta magari kutoka matopeni miaka mingi. Hakutuuliza bajeti. Aliuliza maswali mawili: siku mbaya kabisa ya mwaka barabara yenu inakuwaje, na mnabeba nini siku hiyo?

Maswali hayo mawili yalibadilisha kila kitu. Gunia la viazi kisheria halifai kuzidi kilo 50. Magunia 20 ni tani nzima. Jimny ni gari jepesi, uzito wake wenyewe ni kama tani moja tu, na ndiyo maana linapita matopeni kama mbuzi mlimani. Lakini hauwezi kulipakia tani nyingine mgongoni. Ukilaza viti vya nyuma, magunia manne au matano na umefika mwisho. Kwa mtu anayepeleka dawa za mifugo, anayekagua shamba, au anayependa tu kupanda milima wikendi, Jimny ni gari zuri sana. Kwa viazi vya mama, hapana.

Fundi akatufafanulia jambo lingine ambalo kusema kweli hata mmoja wetu hakulijua vizuri. Si kila fobaifo ni sawa. Subaru Forester, kwa mfano, husukumwa na magurudumu yote manne wakati wote, na nyingi zimeinuka kama sentimita 22 kutoka ardhini. Kwa barabara ya changarawe, mvua ya kawaida na safari ndefu na familia, inatosha na inabaki. Lakini haina gia nzito, ile gia ya pili inayofanya gari litambae polepole kwa nguvu nyingi. Ukizama hadi kwenye ekseli ukiwa na mzigo, gia nzito ndiyo itakayokutoa. Jimny inayo. Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Land Cruiser za kazi, zikiwa za magurudumu manne, zinayo pia. Angalia vizuri hapo, kwa sababu kuna pikapu nyingi zinazoonekana za shamba kwa nje kumbe husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma pekee.

Land Cruiser ya pikapu tuliipita haraka. Ni gari la polisi, la hospitali za mbali na la mashirika, na kuna sababu wote hao wanalipenda. Bei yake ya mtumba pia inajua hivyo. Na ndiyo, tunajua Probox hufika kila mahali. Mara nyingi hufika kwa sababu abiria wameshuka kusukuma.

Swali la tatu tuliliongeza wenyewe: likiharibika, nani atalitengeneza, na spea zinatoka wapi? Fundi wa Engineer alifungua kontena lake akatuonyesha alichonacho: bushi, bearing, klachi, chujio za dizeli, karibu zote za Isuzu na Toyota. D-Max huunganishwa hapa Nairobi na kuna nyingi barabarani, kwa hivyo spea hazikusumbui. Unaweza kupenda gari la aina isiyojulikana sana kwa sababu ni la bei nafuu na lina viti vya ngozi, halafu ukalala wiki tatu ukingojea kifaa kimoja kutoka Dubai huku viazi vikioza.

Siku ya kuliangalia

Baada ya wiki tano tukapata D-Max ya kabini mbili, magurudumu manne, mwenye kuuza akiwa mwalimu wa Nyahururu. Tulienda na fundi. Tulimlipa Sh3,000 na nauli, na tungemlipa mara mbili bila kulalamika.

Alikuwa amemwomba mwalimu asiwashe gari asubuhi hiyo. Injini ikiwa baridi haifichi mengi: sauti yake ya kwanza, moshi wa kwanza. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huenda ni maji yanaingia mahali yasipofaa. Kisha akalala chini. Huko ndiko alikaa muda mrefu, akigonga chesisi kwa bisibisi akisikiliza kutu, akipapasa difu kama kuna oili inayovuja, akikagua raba zinazofunika viungio vya ekseli za mbele. Gari lililofanya kazi Pwani, au lililotoka sehemu za Japani ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kung'aa juu na kuwa limeliwa chini.

Halafu akalipeleka kwenye changarawe na kuingiza magurudumu manne, kisha gia nzito. Hili usilifanye kwenye lami kavu kwa magari ya aina hii, utaumiza mitambo yake. Yanahitaji mahali tairi zinaweza kuteleza kidogo. Akakata kona hadi mwisho, kushoto na kulia, huku akisikiliza kama kuna kitu kinagongagonga. Kuna wauzaji watakaokuambia "hiyo gia hata sijawahi itumia, iko sawa tu." Gia ambayo haijawahi kutumika ndiyo ya kujaribiwa kwanza, maana wakati mwingine imeshika kutu na haiingii kabisa.

Mwisho, tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi mbili za nyuma za mwalimu zilikuwa na zaidi ya miaka kumi, zikiwa na meno mazuri kabisa na nyufa ndogondogo pembeni. Mwalimu mwenyewe hakujua. Bei ikashuka, bila kelele.

Kama wewe unanunua gari lililoingia nchini majuzi, kumbuka kwamba gari la mtumba kutoka nje halifai kuzidi miaka 8. Omba uone cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Mailiji huwa imeandikwa humo. Linganisha na iliyo kwenye dashibodi.

Karatasi zinaongea kabla ya pesa

Kabla hata ya kusafiri kwenda Nyahururu, mwenzetu alikuwa ameomba nambari ya usajili na kufanya utafutaji wa rekodi za gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Kwa ada ndogo unapata jina la mmiliki, nambari ya chesisi, nambari ya injini, na kama kuna benki au mkopeshaji anayedai gari hilo. Ada za serikali hulipwa kwa Paybill 222222. Mtu akikuambia umtumie yeye binafsi "akufanyie search haraka", jifanyie mwenyewe.

Ulichopata ukilinganishe na vitu vitatu: logibuku yenyewe mkononi, kitambulisho cha anayeuza, na nambari zilizochongwa kwenye gari. Kama kimoja kinakataa, simama hapo. Muuzaji anaweza kuwa na hadithi nzuri. Gari ni la marehemu mjomba, mwenyewe yuko Qatar, logibuku iko kwa wakili. Baadhi ya hadithi hizo ni za kweli kabisa, na mwenye hadithi ya kweli ataelewa ukimwambia utangoja karatasi zikamilike.

Sasa kulipa

Turudi kwa ile elfu hamsini ya kushika gari. Pesa kwa simu ina uzuri wake kwamba inafika papo hapo, na hilo hilo ndilo hatari yake. Ukikosea tarakimu ya namba na kutupigia mara moja, mara nyingi kuna la kufanya, mradi pesa ingali kwenye akaunti iliyoingia. Lakini ukimtumia kwa hiari yako mtu uliyekuwa umekusudia kumtumia, naye akazitoa kwa wakala dakika tatu baadaye, hakuna kitufe tunachoweza kubonyeza zirudi. Utahitaji polisi na namba ya tukio, na subira.

Kwa hivyo soma jina linalotokea kabla ya PIN. Lisome kama unavyosoma jina kwenye tiketi ya basi. Jina lisipokuwa la mtu aliye kwenye logibuku au la biashara unayoijua, ghairi. Hakuna ada ya kughairi.

Ni lazima kutoa amana? Wakati mwingine ndiyo, muuzaji naye ana haki ya kutopoteza Jumamosi yake kwa watu wa kuzurura. Lakini itoe baada ya kuliona gari na kukagua karatasi, iwe ndogo, na muandikiane: majina yenu, nambari za vitambulisho, nambari ya chesisi, kiasi, itarejeshwa lini na kwa sababu gani, pamoja na ile kodi ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Usifute ujumbe huo. Ipige picha pia, simu hupotea.

Bei nzima ya gari hupita uwezo wa simu, maana muamala mmoja hauzidi Sh250,000. Tumeona watu wakijaribu kuigawanya vipande vipande kwa siku nne, na hatushauri hivyo, kwa sababu kila siku inayopita muuzaji ana gari na pia ana pesa zako. Nenda benki. Pesalink hufika Sh999,999 kwa muamala, na zaidi ya hapo benki itakutumia kwa RTGS. Mwenzetu na mwalimu walikaa pamoja kwenye benki moja Nyahururu. Mwalimu akaingia kwenye akaunti yake ya eCitizen na kuanzisha uhamisho wa umiliki, mwenzetu akaukubali kwenye simu yake na kulipa ada, ndipo malipo ya benki yakatoka. Wote wawili walitoka wakiwa na uthibitisho mkononi. Usiondoke na gari huku uhamisho ukiwa "tutafanya wiki ijayo". Sheria inatoa siku 14 tu za kutumia gari kabla liandikishwe kwa jina la mwenye mpya, na mwenye kuuza akishazima simu, siku hizo ni fupi sana.

Bima alilipa jioni hiyo hiyo, kwa simu, kwa Paybill ya kampuni yenyewe. Alikuwa ametenga pesa ya bima na ya matengenezo ya kwanza kando kabla ya kuanza kutafuta gari, na tunadhani hilo ndilo lililomwokoa asinunue gari la bei ya mwisho wa mfuko wake.

Jumamosi iliyofuata alitutumia video. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. D-Max ikashuka kutoka shambani na magunia kumi na manane, ikiwa kwenye gia nzito, polepole kama mtu anayebeba mayai, mamake akitembea mbele akionyesha mahali pa kukanyaga. Ilifika lami. Aberdare bado; njia ya kupandia lango la Mutubio si ya kuchezea, na tairi mbili za nyuma zinangoja mwisho wa mwezi.