Kuusimulia Mwisho Kwanza: Juu ya Kufundisha Mfalme Edipode Darasani

Mwalimu wa fasihi anapoingia darasani na tamthiliya mkononi, desturi yetu humtaka aufiche mwisho wake. Wanafunzi husoma onyesho baada ya onyesho, na taharuki hulindwa kama siri ya nyumba. Makala haya yanadai kwamba desturi hiyo, ijapokuwa yafaa kwa tamthiliya nyingi, huidhuru mno Mfalme Edipode ya Sophocles, ambayo tunayo katika Kiswahili kwa tafsiri ya Samuel Mushi iliyotolewa mwaka wa 1971.

Watazamaji wa Athens katika karne ya tano kabla ya Kristo walikijua kisa hiki kabla hawajaketi. Walijua kwamba Edipode amemwua baba yake na kumwoa mama yake. Jambo ambalo hawakulijua ni namna Sophocles atakavyomfikisha mfalme huyo kwenye ujuzi ambao wao tayari walikuwa nao. Kwa hiyo Edipode anapomlaani hadharani mwuaji wa Laius, na kuapa kwamba atampigania marehemu kana kwamba ni baba yake mzazi, kila neno lake lina masikio mawili: sikio la msemaji na sikio la msikilizaji. Mwanafunzi aliyefichwa mwisho ana sikio moja tu. Kwake yeye hicho ni kiapo cha mfalme mwema, basi.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliisomesha tamthiliya hii kama hadithi ya upelelezi, na wanafunzi waliifurahia. Insha walizoniletea zilikuwa muhtasari safi, wa aina ile waliyozoeshwa na miongozo ya vitabu vya mtihani katika shule za sekondari. Lakini nilipowauliza ni wakati gani hasa Jocasta anautambua ukweli, darasa lilinyamaza. Hatimaye mmoja akajibu, "Alipojinyonga."

Tangu hapo hukisimulia kisa chote kwa robo saa, vitabu vikiwa vimefungwa: utabiri aliopewa Laius, mtoto aliyetupwa mlimani, ugomvi wa njiani penye njia panda, zimwi lenye kitendawili, ndoa, tauni. Kisha tunakwenda moja kwa moja kwenye onyesho la mjumbe wa Korintho. Wanafunzi wawili husoma maneno ya mjumbe na ya Edipode. Wa tatu husimama kati yao kama Jocasta, hana kitabu, hasemi neno. Katika matini ya Kigiriki mama huyu hunyamaza kwa mistari zaidi ya 60, ilhali mazungumzo yanayompitia masikioni ndiyo yanayomwangamiza. Msomaji aliyeketi na kitabu chake humsahau kabisa, kwa kuwa jina lake halimo ukurasani. Darasa linalomwona amesimama haliwezi kumsahau.

Wengine waliosalia huombwa wainue mkono pale wanapoona kwamba Jocasta amekwisha kujua. Mikono haiinuki pamoja. Wapo wanaoinua mjumbe anaposema kwamba Polybus si baba wa Edipode. Wapo wanaongoja utajwe mlima Kithairon. Wengi huinua vinapotajwa vifundo vya miguu vilivyotobolewa, wakikumbuka kwamba Jocasta mwenyewe alikwisha kusimulia jinsi miguu ya mwanawe ilivyofungwa. Na wachache hungoja mpaka atajwe mtumishi wa Laius. Kila kundi hulazimika kuitetea hoja yake kwa matini, na anayemwigiza Jocasta huulizwa uso wake ufanye nini katika kila hatua. Sijapata bado njia nyingine inayowafanya wanafunzi wabishane kwa muda mrefu hivyo juu ya mhusika asiyesema.

Liko jambo jingine, la lugha, ambalo wenzetu wa isimu huenda wakalipenda. Kreon anarudi na habari kwamba Laius aliuawa na wanyang'anyi, wengi. Edipode anapomjibu anamtaja mnyang'anyi mmoja. Baadaye anashikilia wingi huo kama mtu anayezama ashikavyo ubao: ikiwa waliua wengi, basi yeye si mwuaji, maana mmoja hawezi kuwa wengi. Kiswahili kina nyenzo bora ya kulibeba jambo hili, kwani upatanisho wa kisarufi huurudia umoja na wingi katika kila neno: wanyang'anyi wale walimwua, mnyang'anyi yule alimwua. Mwanafunzi akisomewa kwa sauti husikia kiambishi kikiteleza. Akisoma kimoyomoyo, mara nyingi hupita tu.

Wapo wanaolalamika kwamba kuusimulia mwisho ni kumpokonya mwanafunzi utamu wake. Malalamiko haya yananishangaza yanapotoka kwa watu waliolelewa na tendi. Ni nani katika mwambao wetu aliyepata kuusikiliza utendi wa Fumo Liyongo bila kujua kwamba shujaa atachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, tena na mwanawe? Msikilizaji huja akijua, na ujuzi huo ndio unaomtia uchungu mtoto anapomwuliza baba siri ya kifo chake. Tofauti ni kwamba Liyongo hushuku naye akajibu. Edipode hashuku naye ndiye anayeuliza. Hata katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) tunaijua hatima ya maji kabla pazia halijafunguliwa, na hatuondoki ukumbini kwa sababu hiyo.

Hata hivyo njia hii si ya kila tamthiliya. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka wa 1969, nguvu ya onyesho la mahakamani inategemea kutojua mkataba wa ratili ya nyama utavunjwa kwa hoja gani. Hapo mimi huficha. Shylock anapoanza kunoa kisu chake katika sehemu ya nne, wanafunzi hufunga vitabu, nao hupewa juma zima waandike hukumu yao wenyewe kabla ya kumsikia Portia.