Kijana Mkristo na Karte ya Mpiga Kura

Somo: Luka 2:1-5, Kumbukumbu la Torati 19:15-19



Tarehe 16 Februari 2023 kazi ya kuandikisha wapiga kura ilifika kwetu Kivu ya Kaskazini. Uchaguzi ulipangwa tarehe 20 Desemba mwaka ule. Katika makanisa yetu walikuwako vijana wengi ambao kwao ilikuwa mara ya kwanza, nao walituuliza: je, hili ni jambo la dunia tu, ama linamhusu pia mtu aliyeokoka? Tujibu kwa Neno, kisha tueleze namna kazi yenyewe inavyokwenda.

1. Kuandikwa si dhambi

Yusufu alitoka Nazareti akapanda mpaka Bethlehemu kuandikwa, pamoja na Mariamu mwenye mimba. Amri ilitoka kwa Kaisari, mtu asiyemjua Mungu, na safari ilikuwa ya taabu. Lakini Yusufu hakusema kwamba yeye ni wa mbinguni na mambo ya nchi hayamhusu. Alikwenda. Na ni katika safari hiyo Mwokozi wetu alizaliwa.

Wengine wanaogopa kwamba kuweka vidole kwenye mashine ni kupokea chapa ya Ufunuo 13. Wapendwa, tusome vizuri. Chapa ile ni ya wanaomsujudia mnyama. Mashine ya CENI haimwombi mtu kusujudu; inachukua jina, picha na alama za vidole, basi.

2. Nani anaandikwa?

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 5, inasema kila Mukongomani, mwanaume kwa mwanamke, mwenye miaka 18 na zaidi na mwenye haki zake za uraia, ni mpiga kura. Safari ile ya 2023 hata yule ambaye angetimiza miaka 18 kabla ya siku ya kura aliandikwa. Askari na polisi walio kazini hawapigi kura. Karte ni ya bure: anayekuomba pesa ili akupitishe mbele ya mstari anakuibia, na wewe unayempa unamsaidia kuiba. Tena mtu anaandikwa mara moja tu. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la sheria, na vidole vitakusema.

Kwetu karte hii inabeba mzigo mkubwa kuliko kura. Hesabu ya mwisho ya watu nchini ilifanyika mwaka 1984, na vijana wengi hawana kitambulisho kingine cha taifa. Ukienda kutoa pesa, kununua laini ya simu, ama ukisimamishwa njiani usiku, ni karte hii unayoonyesha.

3. Mashahidi watatu

Hapa ndipo tunataka tukae kidogo. Kijana akija na karte ya shule, pasipoti ama hati ya uraia, anaandikwa kwa hiyo. Asipokuwa na kitu, sheria inaruhusu watu watatu walioandikwa kwenye kituo kile kile wamshuhudie. Neno nalo linasema jambo linasimama kwa vinywa vya mashahidi wawili ama watatu. Na shahidi wa uongo anarudishiwa ubaya aliotaka kumtendea ndugu yake.

Basi mama au baba wa kanisa, ukiitwa kushuhudia, jiulize: ninamjua kijana huyu? Ninawajua wazazi wake? Usiongeze miaka ya mtoto wa miaka 15 kwa sababu ni wa kwaya. Usimshuhudie mgeni kwa sababu amekununulia sukari. Lakini pia usimkane Mukongomani unayemjua tangu utoto kwa sababu ya sura yake ama lugha wanayosema nyumbani kwao. Kunyamaza hapo nako ni ushahidi wa uongo.

4. Waliokimbia vita

Tunao kati yetu vijana wa Rutshuru na Masisi, walioacha vyote nyuma, hata karatasi za shule. Mwaka 2023 Kanyaruchinya ilikuwa imejaa. Wanasema: tuandikwe kwa faida gani, na kwetu hakuna amani? Swali lao ni la haki. Mwaka 2018 watu wa Beni na Butembo walikuwa na karte mikononi, lakini kura ya rais ya tarehe 30 Desemba ikafanyika bila wao, kwa sababu iliyotajwa ya Ebola na usalama. Vijana wa Beni walijipangia kura yao wenyewe siku ile, ili waonekane kwamba wapo.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba karte italeta amani. Tunasema tu: asiyeandikwa ni rahisi kusahauliwa. Kanisa, tuwasindikize hao, tuwape tauni ya mstarini maji na chakula, na anayewajua kweli awashuhudie.

Mungu awape vijana wetu moyo wa kweli, na nchi yetu amani. Amina.