Kaye ya mutoto, mukono wa baba

Ndugu wafanyakazi, leo sisemi juu ya mishahara. Ninasema juu ya kaye za watoto wetu.

Mwaka uliopita kijana wangu alikuwa kalasi ya tatu ya primeri, hapa Kolwezi. Mimi nilikuwa posti ya usiku. Saa kumi ya mangaribi ninaamuka, ninamukuta anasumbuka na hesabu za nyumbani. Nilikuwa na usingizi na haraka. «Leta hapa!» Nikatoa majibu, yeye akaandika. Kila mara alipata 9 juu ya 10, na mimi nilifurahi kama vile ni mimi njo niko ninasoma.

Siku ya kuchukua pointi, mwalimu aliniita pembeni: «Papa, kazi ya nyumbani, 9. Mutihani wa kalasi, 2. Kwenu ni nani njo anasoma?» Sikuwa na jibu. Kwa njia, mutoto akaniambia: «Papa, nilizani niko mujinga, njo maana unanifanyia.» Neno lile lilinichoma.

Sisi watu wa mine tungepaswa kujua. Mwenye kufundisha mupya kuendesha kamyo ya kariere hamunyanganyi usukani kwa kila kona. Anakaa kando, anaangalia, anasema: punguza mwendo. Kwa sababu kesho mupya atakuwa peke yake. Siku ya mutihani wa mwisho wa primeri vilevile, baba haingii ndani ya kalasi.

Lakini tusiseme tena: «Ile ni kazi ya mwalimu.» Tangu 2019 primeri ya serkali ni ya bure, wazazi tulipumua kidogo, lakini kalasi nyingi zilijaa. Mwalimu hawezi kuinama juu ya kila kaye.

Basi tufanye nini? Kwanza, mutoto apate wakati: asitumwe sokoni wala kuchota maji mbele ya kumaliza. Pili, uliza, usiandike: «Mwalimu alieleza namna gani? Nionyeshe.» Kosa likibaki, liache, mwalimu alione, ajue pa kusaidia. Tatu, mama asiyejua Kifaransa asipate haya. Mutoto asome kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza, bado hajaelewa. Na mama anayeuza unga kwa meka, kwa hesabu, ni mwalimu mukubwa.

Sisi wadelege tunadai pesa ya masomo ya watoto kwenye mapatano na kampuni. Ni vizuri. Tudai tena ruhusa ya kwenda kwa mukutano wa wazazi, kwani mara nyingi unaangukia saa ya posti.

Sasa kijana yuko kalasi ya ine. Juzi alileta 6 juu ya 10. Ni 6 yake mwenyewe. Aliniletea kaye akikimbia, mbele sijauliza.